Sauti Iliyovuka Magogoni

Wakati ule soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linajengwa, na vumbi la saruji liliingia mpaka kwenye masufuria ya mchuzi. Unga ulikuwa wa yanga, ule wa mahindi ya njano, sukari ya foleni, na ukibahatika kupata mche wa sabuni unauficha uvunguni kama mwali. Shida zilikuwepo, nani anabisha. Lakini jamani, watu tulisalimiana, na hilo msituondolee. Ukipita Mtaa wa Msimbazi bila kuitikia salamu, kabla hujakata kona habari zimeshakutangulia kwenu kwamba siku hizi una kiburi, au umerogwa, au vyote viwili.

Sasa mfikirieni Sabaha binti Bakili, aliyetakiwa kutoka Kigamboni, avuke na pantoni, akate mji kwa miguu mpaka Kariakoo bila kumjibu mtu hata mmoja. Asiseme marahaba, asiseme nzuri, asiseme hata niwie radhi. Mdomo ufumbwe, na ndani ya mdomo iwemo sauti moja tu anayoivumisha, mmmm, isipande wala isishuke, mpaka afike nyumbani kwake.

Ndiyo ilikuwa desturi ya Mzee Bakili, fundi wa marimba, na wote waliofundishwa naye. Kama mafundi wengine walikuwa nayo, mimi sijui. Marimba zenyewe mnazijua: vipande vya mbao vimepangwa juu ya fremu, chini ya kila kipande pana kibuyu cha kukuza sauti, na mpigaji anashika virungu viwili vyenye vichwa vya mpira. Mzee Bakili alitoka Newala na kipande kimoja cha mninga alichoachiwa na baba yake, akakiita ubao mama. Ubao mama haukupigwa ngomani. Ulikaa umefungwa kitambaa, na marimba zote za Bakili na za wanafunzi wake zilichukua sauti kwake, ili siku zikikutana zisigombane. Na ubao mama hautoki nyumbani kwa mwenyewe maadamu yu hai. Anayetaka sauti aifuate, apigiwe, aidake kooni, aondoke nayo. Ukimjibu mtu njiani, imemwagika hiyo, rudi ukaanze upya.

Cheka tu. Siku hizi kila kitu kina kipimo chake dukani. Sisi vipimo tulikuwa navyo mwilini.

Sabaha alifundishwa kubeba sauti tangu msichana, na baba yake alimfundisha kwa vituko. Alimpigia ubao, akamwambia azunguke nyumba, naye akajibanza nyuma ya ua wa michongoma. Mtoto akipita anasikia, "Sabaha, nyoka huyo!" Anaruka, sauti imekwenda. "Imemwagika. Rudi." Siku nyingine alimtuma jirani amwamkie. Siku nyingine alimwambia mama yako amerudi kutoka Newala, yupo mlangoni na kapu la korosho, na masikini mtoto akakimbia mlangoni akakuta kuku. Alilia siku hiyo. Mzee akampangusa machozi kwa kiganja chake kigumu, akamwambia maneno ambayo Sabaha hakuyasahau.

"Njiani watakuita wengi, mwanangu, na wengine unawapenda. Hata nikikuita mimi usigeuke. Ukisikia mimi nakuita na sauti umeibeba, ujue nakujaribu tu."

Akakua na sikio ambalo mafundi waliliogopa. Aliolewa na Kitwana, seremala wa Kariakoo, mtu mpole mwenye mikono kama makasia, wakafungua karakana uani kwenye nyumba waliyopanga karibu na Mtaa wa Msimbazi. Kitwana alichonga, Sabaha akasikiliza. Watu walisema marimba za nyumba ile zina mkono wa mume na sikio la mke, na Kitwana hakuona haya kulisema hilo mwenyewe, hata barazani mbele ya wanaume wenzake.

Ndipo likaja jambo la marimba ya jukwaani. Kikundi cha ngoma cha mtaa, kilichoongozwa na mama mmoja mwimbaji aitwaye Selina, kilichaguliwa kwenda kupiga kwenye sherehe kubwa ya taifa. Kilikuwa na marimba mbili za zamani zilizotengenezwa na Mzee Bakili mwenyewe. Kikataka ya tatu, kubwa, ya kukaa mbele, sauti yake ijaze ukumbi bila kipaza sauti. Mafundi wawili wakaambiwa watengeneze, kisha ichaguliwe moja: Sabaha na mumewe upande huu, na upande wa pili Gaudens, mwanafunzi wa kwanza wa Bakili, mtu wa makamo, hodari na mwungwana. Nasema mwungwana kwa sababu najua mmeshaanza kumchukia.

Mzee Bakili aliposikia akaongeza lake. Alikuwa amezeeka, kifua kinamsumbua, na mtoto wa kiume hakujaliwa. "Mimi kuchagua kati ya mwanangu na mwanafunzi wangu siwezi," alisema. "Marimba itakayochaguliwa, fundi wake ndiye atakayerithi ubao mama nikiondoka."

Hilo ndilo Sabaha alilolitaka maishani, wala hakulificha. Wapo waliosema ubao haurithiwi na mwanamke, na kwa muda mrefu baba yake alikuwa mmoja wao. Sasa mlango ulikuwa umefunguliwa nusu, na yeye alitaka kuingia kwa miguu yake.

Basi asubuhi moja ya masika, Jangwani kumejaa maji, akavuka kwenda Kigamboni na maandazi kwenye kitambaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kitwana hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Baba, mbona umekonda hivi?"

"Masika haya. Yakiisha na kifua kitaisha." Mzee alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani, akimega andazi na kuliacha. Sabaha akamwambia Jumapili atakuja na Kitwana wampeleke hospitali, atake asitake. Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikachukua muda kupoa.

Kisha akaufungua ubao mama. Ulikuwa mweusi kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Akauegemeza juu ya mapaja, akanyanyua kirungu, akampa mwanawe muda wa kuvuta pumzi. Akapiga. Sauti ikajaa chumba, nene, imetulia, na Sabaha akaidaka kabla haijafifia. Baba na mtoto wakatazamana. Mzee akatikisa kichwa: ndiyo yenyewe, nenda.

Hapakuwa na kwaheri. Desturi haikuwa na nafasi ya kwaheri. Sabaha alijifunga kitambaa cheupe kutoka kidevuni mpaka utosini kama mgonjwa wa jino, hila ya mafundi ya kukwepa maneno ya watu njiani, akatoka. Alipofika kwenye ua wa michongoma akasikia nyuma yake:

"Sabaha."

Akatabasamu ndani ya kitambaa. Mzee huyu, hata leo?

"Sabaaaha." Mara hii aliivuta, na sauti ya mzee ikaja juu ya ile aliyoibeba Sabaha kooni kama mtu anayekuitikia wimbo. Sabaha akabana midomo, akakaza mwendo. Leo hunipati, alisema moyoni. Leo ndiyo siku ambayo hunipati. Hakugeuka.

Kwenye pantoni alikaa karibu na magari, penye kelele za kumeza maneno ya watu, ajisikie mwenyewe kooni. Magogoni akashuka na umati, akapita mjini, akavuka Mnazi Mmoja. Balaa lilimngoja Kariakoo kwenyewe, kwenye foleni ya duka la ushirika. Candida, mama wa Kirombo aliyekuwa jirani yake, alimwona kwa mbali akatoka kwenye foleni, jambo ambalo Candida hakulifanya hata siku ya tetemeko.

"Sabaha, jino hilo? Pole mama. Ni gego? Tangu lini?"

"Mmmm," akasema Sabaha, maana ndicho alichokuwa nacho.

"Maskini anaguna! Sikilizeni anavyoguna. Nani ana karafuu hapo?"

Karafuu ikapatikana. Mwingine akasema chumvi na maji moto, mwingine akasema gego haling'olewi siku ya mvua. Candida akajaribu kumpenyezea karafuu mdomoni, Sabaha akageuza uso, Candida akajaribu upande wa pili. Wakazungushana pale mbele ya foleni nzima kama wachezaji. Mwisho Sabaha akaipokea karafuu kwa mkono, akaibusu, akaweka kiganja kifuani kwa shukrani, akaondoka mbio huku anaguna. "Analia kimoyomoyo yule," Candida akawaambia wenzake, na kurudi kwenye foleni akakuta nafasi yake imeliwa.

Nyumbani Kitwana alikuwa tayari, kipande cha mninga kimekwisha kupata umbo. Hakumsalimu mkewe. Alikaa na kirungu, akapiga, na Sabaha akaonyesha kwa kidole: bado juu. Kitwana akakigeuza, akakikwangua tumboni, maana ubao ukikwanguliwa tumboni sauti hushuka, na ukikwanguliwa ncha sauti hupanda. Akapiga tena. Bado. Akakwangua unga kidogo tu, wa kuweka kwenye ukucha. Akapiga, na sauti ya ubao na sauti ya kooni mwa Sabaha zikaingiana zisijulikane ipi ni ipi. Sabaha akafunga macho, akanyamaza. Kazi imekwisha.

Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". La pili likawa kicheko.

"Kaniita mara mbili, Kitwana. Yule mzee! Nipo uani kwake, ananiita kama mtu kweli. Sikugeuka. Safari hii nimemshinda."

Wakacheka wote wawili mpaka Kitwana akaweka kisu chini. Karafuu ya Candida wakaitia kwenye chai. Ilikuwa jioni nzuri ile, moja ya jioni ambazo mtu angependa kuzirudia akipewa ruhusa.

Asubuhi yake pantoni ya kwanza ilileta jirani mmoja kutoka Kigamboni. Hakukaa. Alisimama uani, kofia mkononi, akasema Mzee Bakili amefariki jana mchana.

Walimzika siku ile ile. Sabaha alikaa ndani na wanawake, miguu imenyooshwa mkekani, watu wanaingia na kusema pole, na yeye anaitikia kila mtu. Anaitikia vizuri, kwa sauti, hata wasiomfahamu. Bi Somoe, jirani wa mzee pale Kigamboni, ndiye aliyekuwa naye mwishoni, na kila akitaka kumsogelea, Sabaha alinyanyuka kwenda kutazama chungu. Aliogopa kuambiwa. Fimbo ya baba yake ya kutembelea aliiona imeanguka kizingitini, upande wa nje, na mtu mzima haambiwi mara mbili. Mzee alitoka kitandani. Alitembea mpaka mlangoni. Hakuwa anajaribu mtu.

Nini kinamtoa mtu kitandani kumwita mwanawe, kama si haja? Maji? Mkono wa kushika? Hayo ndiyo aliyolala nayo na kuamka nayo. Kitwana alimwambia wajitoe kwenye mashindano, hakuna atakayewalaumu. Sabaha akakataa. "Nilimwacha kwa ajili ya sauti ile," alisema. "Nikiiacha na sauti nayo, nitakuwa nilimwacha kwa ajili ya nini?" Wakaimaliza marimba. Kila kipande kilichukua sauti kwenye kile cha kwanza, na Kitwana akachagua vibuyu mpaka wauzaji wa sokoni wakachoka naye.

Arobaini ilipopita wakaitwa ukumbini, alasiri. Waamuzi walikuwa watatu. Selina mwenyewe, ambaye alitaka kujua kama marimba itamhimili akiimba. Ndugu Theophil, mwalimu wa muziki mtu wa Moshi, mwenye sikio safi na adabu. Na Mzee Eliasi wa Masasi, mpigaji wa zamani na rafiki wa Bakili, ambaye alikabidhiwa ubao mama autunze mpaka mrithi apatikane.

Gaudens alitangulia. Marimba yake ilikuwa nzuri, imara, haina kasoro ya kusemwa. Ikaja ya Sabaha. Theophil alipita kipande kwa kipande, kikubwa na kidogo kinachokiitikia, akavipiga pamoja, na kila alipopiga alitikisa kichwa kwa furaha isiyofichika. Selina akaimba, na marimba ikambeba kama mtu anayembeba bibi harusi, hata wafagiaji wakaacha mafagio. Mzee Eliasi yeye alisimama mlangoni, amewapa mgongo. Kupiga kila mtu anapiga, ndivyo alivyozoea kusema, mimi nasikiliza sauti inavyokufa. Alisikiliza kipande cha kwanza kikifa. Akaomba kirudiwe. Akaomba tena.

"Hii ni tamu kuliko ile," akasema Theophil. "Vipande vyote vinapatana. Mimi nimeshachagua."

"Na mimi," akasema Selina.

Mzee Eliasi akarudi taratibu, akaufungua ubao mama kwenye kitambaa chake, akauweka kando ya kipande cha kwanza cha Sabaha. "Vinapatana vyenyewe kwa vyenyewe, kweli. Hebu tuone kama vinampata mama yao."

Akavipiga pamoja. Sauti mbili zikatoka, na katikati yake kitu kikatikisika, wowowowo, kama watu wawili wanaosukumana mlangoni kila mmoja akitaka kutangulia. Hapakuwa na mtu ukumbini asiyesikia.

"Imepanda," akasema Eliasi kwa upole. "Kidogo, lakini imepanda. Na itapigwa pamoja na zile mbili za Bakili. Zitagombana jukwaani mbele ya watu."

"Labda mbao imekauka tangu siku ile," Theophil akamtafutia njia. "Mbao ikikauka sauti hupanda."

Ile ilikuwa kamba, na Sabaha angeweza kuishika. Lakini alikuwa binti wa mwenyewe. "Hapana, mwalimu," alisema. "Mninga ule ulikauka miaka mingi darini kwetu. Sauti niliileta mimi hivyo."

Mzee Eliasi akaufunga ubao. Alisema Sabaha ana muda mpaka Ijumaa. Kupandisha ni kazi, kushusha si kazi, akwangue matumbo ya vipande vyote, yeye Eliasi atakwenda na ubao mama mpaka karakana wasikilizie hapo. Ijumaa zikipatana, marimba ni yake na ubao ni wake. Zisipopatana, ni vya Gaudens. Gaudens akasema hata yeye anaona ni haki, na akamwangalia Sabaha kwa huruma iliyomuuma kuliko maneno.

Sabaha alirudi kwa miguu. Alipofika nyumbani alikaa juu ya gogo uani, akalia vile alivyokuwa hajalia msibani. Baba alimwita, hakuitika, kwa sababu ya sauti. Na hiyo sauti yenyewe kumbe aliimwaga. Amekosa huku na huku. Kitwana alikaa chini mbele yake, akampangusa vumbi la mbao miguuni.

Siku ya pili Sabaha akavuka kwenda Kigamboni. Alimkuta Bi Somoe anapepeta mchele.

"Nimekuja uniambie, mama," alisema. "Alitaka nini?"

Bi Somoe akaweka ungo chini. "Nimekusubiri uulize, ukawa unanikimbia. Hakutaka kitu, mwanangu. Nilikuwa hapa hapa. Nikamwona anatoka, anajishika mlangoni, akakuita. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili akaivuta. Nikaona hali yake si nzuri, nikaacha kazi nikamwambia, ngoja nimkimbilie, hajafika mbali. Akanishika mkono. Alikuwa na nguvu bado, hapa ndipo aliponishika. Akasema, 'Muache aende, Somoe. Amebeba.'"

Sabaha akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya baba yake.

"Nikamuuliza, sasa ulikuwa unamwitia nini? Akasema, 'Ulimi umeniponyoka. Nilitaka kulisema jina lake tu.' Akakutazama mpaka ukapotea kwenye minazi. Akawa anacheka. 'Umeona?' akaniambia. 'Hakugeuka.' Tena alilisema hilo kwa majivuno, kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Nikamrudisha ndani, nikampa maji, akanywa. Hakuchelewa baada ya hapo."

Kuku wa Bi Somoe wakala mchele na hakuna aliyewafukuza.

"Aliivutaje?" Sabaha akauliza baadaye. "Mara ya pili."

Bi Somoe alikuwa amekaa jirani na mzee yule miaka mingi, na alimjua. Akainua kidevu, akaita kuelekea uani, "Sabaaaha," kama vile Bakili alivyokuwa akiita. Na Sabaha akakiona kitu kilichotokea siku ile kwenye ua wa michongoma. Sauti aliyopokea chumbani haikumwagika. Ilisogea. Sauti ya baba ilikuja juu yake, na koo la mtoto, bila kumwuliza mwenyewe, likaenda kumfuata. Miguu haikugeuka, mdomo haukuitika, ila koo liligeuka. Alivuka Magogoni na kupita Kariakoo nzima akiwa amebeba jina lake mwenyewe kama lilivyoitwa na baba yake mara ya mwisho.

Alirudi mbio. Hata jasho hakupangusa. Akachukua kirungu, akapiga kipande cha kwanza mbele ya mumewe, na akaita jina lake mwenyewe juu ya sauti hiyo, kwa mvuto ule. Vikaingiana. Kitwana alimfahamu mkwewe vizuri, na hakuhitaji kuelezwa. Aliketi akashika kichwa.

"Sasa tunaikwanguaje hii?" akauliza.

Mzee Eliasi alikuja asubuhi yake na ubao mama kwapani, akaelezwa yote. Akaomba apigiwe kipande kile, akasikiliza kinavyokufa, akatoa leso akajifuta pua. "Ni yeye," alisema. "Lakini jukwaani haliendi jina la mtu, mwanangu. Inakwenda marimba."

"Najua, mzee," akasema Sabaha. "Leta kisu, Kitwana."

Wakaanza na vipande vidogo. Eliasi anapiga ubao mama, Sabaha anasikiliza, Kitwana anakwangua. Kila kipande kilichoshuka kilikuwa kinamwondoa mzee Bakili nyumbani mle kidogo kidogo, na Sabaha alilisikia hilo kila mara, akaendelea. Alisema "bado" palipokuwa bado, na "basi" palipotosha. Machozi yalimtoka na sikio halikukosea. Kikabaki kile cha kwanza. Kitwana akakigeuza tumbo juu, akaweka kisu, akamtazama mkewe.

Sabaha aliweka kiganja juu ya mbao. "Hiki hapana," alisema.

Kitwana hakuuliza sababu, wala hakusema Ijumaa ni kesho. Alinyanyuka akapanda darini, akashusha gogo la mninga alilokuwa amelificha kwa ajili ya kitanda chao, kitanda ambacho mkewe alikuwa akikidai tangu waoane, akalipasua. Ilipofika jioni marimba ilikuwa na kipande kipya cha kwanza, na Eliasi alipokipiga pamoja na ubao mama zikatoka sauti mbili kama moja. Mzee akaufunga ubao kwenye kitambaa chake, akaulaza mapajani kwa Sabaha, akaaga akaenda zake.

Wengi mtakuwa mliisikia redioni marimba ile, ikiwa mbele na zile mbili za Bakili nyuma yake, hazigombani. Candida aliwaambia watu wa foleni kwamba fundi wake ni jirani yake, na kwamba jino lile alilitibu yeye.

Sabaha alikaa na ubao mama miaka mingi katika nyumba ile ile, wakilala kwenye kitanda cha kamba. Wanafunzi walikuja kupokea sauti, na alikuwa mkali kwao kama baba yake. Jambo moja tu alilibadilisha, na wazee wa kusini walipomlaumu aliwaambia waende wakamshtaki kwa baba yake kaburini. Mwanafunzi hakupigiwa ubao kabla hajaaga. "Aga kwanza," alisema. "Aga vizuri, sema yote uliyo nayo. Ndipo nikupe, ukafumbe mdomo."

Na kile kipande cha zamani kilining'inia kwa kamba mbili kwenye ukuta wa uani. Hakikuwa cha ngoma, wala hakikuwa cha mtu kuchukulia sauti. Alasiri, jua likishapungua, Sabaha alikichukulia kirungu akakipiga mara moja, akaacha sauti ijae uani, imwite kama ilivyomwita.

"Abee, baba," akaitika.

Kitwana alikuwa ameshaweka tezo chini kabla, akisubiri sauti ife yenyewe, ndipo aendelee na kazi.